Anayepinga Amalize Kwanza, Ndipo Mpige Kura

Mwalimu mmoja wa Makambako ameniandikia kwamba kidato chake cha tatu wakijadili, wote hufuata alichosema aliyetangulia kunyoosha mkono. Afanyeje?

Mwalimu mwenzangu, hilo nalijua kwa kuumia. Mwaka jana kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Uyole kilitaka kuweka akiba yote kwenye viazi. Nilipinga peke yangu. Nikasema mvua zikianza Isyonje nzima inapanda, viazi vinafika sokoni kwa pamoja, na mchuuzi anajipangia bei, tena kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Sijamaliza, mwenyekiti akagonga meza: "Mwalimu, usitukwamishe. Wanaokubali, mikono juu!" Mama niliyekaa naye, aliyekuwa akininong'oneza kwamba nasema kweli, naye akanyoosha wake. Wakati wa mavuno magunia yalirundikana kando ya barabara, viazi vikachipua humo humo. Hakuna aliyekuja kuniambia, "Mwalimu, ulisema." Mpaka leo linaniuma.

Yule mama simlaumu. Katika miaka ya 1950, mwanasaikolojia Solomon Asch wa Marekani aliwapa watu kazi ya kulinganisha urefu wa mistari, huku wenzao waliopangwa wakitaja jibu la uongo kwa sauti moja. Karibu theluthi ya majibu yalifuata kundi. Alipowekwa hata mtu mmoja wa kusema kweli, kufuata mkumbo kulipungua sana.

Kwa hiyo darasani kwangu hakuna anayefungua mdomo kabla kila mmoja hajaandika jibu na sababu yake kwenye karatasi. Nazikusanya, naanza kusoma zenye maoni ya wachache, bila majina. Juzi niliuliza kama wakulima wetu waache mahindi wapande parachichi. Karibu wote waliandika ndiyo. Karatasi moja ikasema: "Mche unakaa miaka mitatu haujazaa. Tutakula nini?" Darasa likachemka! Wakaanza kupiga hesabu za ekari, za kuchanganya mazao, za mkopo, mpaka kengele ikalia.

Usimteue mtu ajifanye kupinga. Charlan Nemeth, aliyelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, aliona kwamba mpinzani wa kweli huwafanya wenzake wafikiri kwa upana kuliko wa kuigiza. Na hata akikosea, atawalazimisha mtazame upya mlichokiona rahisi.

Nanyi wenyeviti wa vikundi, wa kamati za shule, wazee wa ukoo: acheni kugonga meza. Mwacheni amalize, muulizeni sababu, katibu aiandike kwenye muhtasari. Kisha pigeni kura.