Kabla hujaosha hiyo beringi

Nyie mnaoanza utafiti wa msuguano na uchakavu kwenye mitambo ya upepo, ngoja nianze na ujinga wangu mwenyewe. Beringi ya kwanza niliyopewa niichunguze niliifungua nikakuta grisi imekuwa nyekundunyekundu kama kutu, nikajua ni uchafu tu, nikaiosha na petroli ikang'aa, ndo nikaipeleka kwenye hadubini. Msimamizi wangu akauliza, ule unga mwekundu uko wapi? Uko kwenye ndoo ya taka, mzee.

Unga wenyewe ndo ulikuwa ushahidi. Iko hivi, beringi za kwenye shina la panga (lile bawa linalosukumwa na upepo) hazizunguki kama za gari, zinacheza digrii chache kwenda na kurudi, panga likirekebisha pembe yake kufuata upepo, na mtambo ukisimama ndo balaa kabisa maana zinatikisika palepale. Gololi inakandamiza sehemu moja, mafuta yanakamuliwa pembeni na hayapati nafasi ya kurudi, chuma kinagusa chuma, vichembe vinavyong'oka vinashika kutu na kuwa unga mgumu unaosaga kama msasa. Mwisho unakuta vishimo vimejipanga sawasawa na nafasi za gololi. Kwa iyo usioshe kitu, piga picha kwanza, chota grisi kidogo kwenye njia ya gololi na nyingine pembeni, weka kwenye vichupa tofauti na uandike kila kimoja kimetoka wapi.

Kosa langu la pili lilinila muda zaidi. Nikijaribu grisi maabara nilikuwa nachukua digrii ambazo beringi ya mtamboni inacheza naziweka vilevile kwenye beringi ndogo ya maabara, wakati ya mtamboni inaweza kuwa na kipenyo cha mita 2 na zaidi na yangu inaingia kiganjani! Digrii 1 kule gololi imesafiri, huku imejitingisha tu. Unachotakiwa kufananisha ni umbali ambao gololi inasogea dhidi ya upana wa lile doa inapogusana na ringi (duara la chuma ambalo gololi inapita juu yake). Ikisogea chini ya upana huo kuna sehemu katikati haifunuki kabisa, sasa mafuta yapite wapi? Ukikosea hapo grisi nzuri utaiita mbovu, na mbovu utaisifia.

Alafu msiipende sana grafu ya msuguano. Nimeshapata grisi imechora mstari umetulia vizuri, kufungua beringi imelika vibaya. Pima kina cha vishimo, na rudia hata mara tatu.

Mtu akikushawishi uanze na zile nyufa nyeupe za beringi za giaboksi (ukikata chuma ukakipaka asidi ndo kingo zake zinaonekana nyeupe) mi ningesema subiri. Beringi inakufa mapema kuliko hesabu zote, na watu bado wanabishana kama chanzo ni umeme unaopita, haidrojeni, viambato vya oili au rola kuteleza.

Ukipata nafasi ya kupanda mtamboni, panda, miguu itauma siku mbili tu. Na uongee na mafundi. Mi nilipoteza wiki nzima kutafuta kwa nini sampuli imelainika kama uji, nalaumu joto, kumbe grisi ya lithiamu ilijazwa juu ya ya poliyurea na hizo mbili mara nyingi hazipatani. Fundi alikuwa anajua toka mwanzo, namuuliza mbona hukusema, ananiambia hamkuuliza. Siku hizi kwenye lebo ya kichupa naandika na grisi iliyotangulia.