Kabla ya kuogopa picha ya mapafu, hesabu siku za ugonjwa

Nikiletewa picha ya CT (mashine ya mionzi inayoonyesha kifua tabaka kwa tabaka) ya mtu anayeugua UVIKO-19, jambo la kwanza ninalouliza ni siku dalili zilipoanza. Sitaki siku aliyolazwa, wala siku majibu ya kipimo yalipotoka. Nataka siku ile kikohozi, homa au maumivu ya mwili yalipomwanza. Nimesoma picha za mapafu kwa miaka, na ninayoandika hapa ndiyo ninayowaeleza ndugu wa wagonjwa wanaponijia na karatasi ya majibu, wameshaisoma mara nyingi na kila neno la kutisha wamelizungushia kalamu. Nimonia ya virusi ina mwendo wake. Picha ya siku ya tatu na picha ya siku ya kumi zinaweza kuonekana kama za watu wawili tofauti, kumbe zote ni za mgonjwa mmoja ambaye ugonjwa wake unakwenda kama ilivyotarajiwa.

Nianze na siku za mwanzo, maana hapo ndipo watu hujipa moyo mapema mno. Mwanzoni mwa 2020 madaktari walichambua picha za CT za wagonjwa 121 wa UVIKO-19 kutoka hospitali kadhaa za China. Kati ya 36 waliopigwa picha ndani ya siku mbili za kwanza za dalili, 20 walikuwa na mapafu yasiyoonyesha kitu. Zaidi ya nusu, na wote walikuwa na virusi! Kwa waliopigwa picha kuanzia siku ya sita, picha safi zilikuwa chache sana. Kwa hiyo mtu aliyeanza kukohoa leo, kesho akapiga picha na kuambiwa mapafu ni mazima, asiichukulie hiyo kuwa ruhusa ya kwenda kukaa na mama yake mzee. Picha haioni virusi. Inaonyesha jeraha ambalo virusi na kinga ya mwili vimekwisha kulisababisha ndani ya mapafu, na jeraha hilo huchukua siku kujitokeza.

Eksirei ya kawaida huona kidogo zaidi. Ni picha bapa, kwa hiyo moyo, mbavu na kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) hufunika sehemu za mapafu, na mabadiliko mepesi hupotea humo. Katika utafiti wa Hong Kong wa wagonjwa 64, eksirei ya kwanza ilionyesha tatizo kwa takribani watu 7 kati ya 10 tu, na hali mbaya zaidi ilionekana kati ya siku ya 10 na ya 12.

Kinachotangulia kuonekana kwenye CT kwa kawaida ni mabaka ya ukungu, pembezoni mwa mapafu, chini na upande wa mgongoni, mara nyingi kulia na kushoto. Ni kama kioo kilichopuliziwa pumzi: kimefifia, lakini mishipa ya damu iliyopita hapo bado unaiona. Kuta za vifuko vya hewa zimevimba na majimaji kidogo yameingia, ila hewa bado imo. Siku zinavyosonga mabaka huongezeka na kuungana, na ndani yake hujitokeza mistari myembamba inayokatizana, ambayo ni kuta za vijisehemu vya pafu zilizonenepa. Kisha baadhi ya mabaka huwa meupe kabisa, mishipa isionekane tena. Hapo vifuko vimejaa majimaji, protini na chembe za kinga, na hewa haina pa kukaa.

Utafiti mmoja wa Wuhan wa mwaka 2020 ningependa kila familia ingeelezwa. Uliwafuatilia wagonjwa 21 ambao hawakufikia kushindwa kupumua na ambao walipona, wakipigwa CT tena na tena. Mapafu yaligawanywa katika sehemu zake kubwa tano, tatu za kulia na mbili za kushoto, kila sehemu ikapewa alama kuanzia 0 hadi 5 kulingana na eneo lililoathirika, kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni 25. Siku nne za kwanza alama zilikuwa ndogo. Kati ya siku ya 5 na ya 8 zilipanda haraka. Kilele kilikuwa karibu na siku ya 10, na kuanzia siku ya 14 zikaanza kushuka. Nakuomba uone hapo kwamba hawa ni watu waliopona, na bado picha zao zilizidi kuwa mbaya kwa zaidi ya wiki. Kwa hiyo karatasi ya siku ya nane ikisema "mabadiliko yameongezeka ukilinganisha na siku ya nne", hiyo peke yake haina maana kwamba matibabu yameshindwa.

Lakini wiki ya pili ndiyo pia wiki ya hatari ya kweli, na hili silitaji kwa wepesi. Wanaozidiwa mara nyingi huzidiwa wakati huohuo ambao picha ya yeyote ingekuwa mbaya. Picha haiwezi kukutenganishia hayo mawili. Mgonjwa mwenyewe ndiye anayeweza: anahema mara ngapi kwa dakika, anamaliza sentensi bila kukatika pumzi, kifaa cha kupima oksijeni kinachobanwa kidoleni kinasoma asilimia ngapi akiwa amekaa na baada ya kutembea kidogo. Ikishuka chini ya 94, ongea na daktari siku hiyohiyo. Chini ya 90 Shirika la Afya Duniani linauhesabu ugonjwa kuwa mkali, na hapo ni hospitali bila kusubiri kuche. Tena, watu wenye ngozi nyeusi wajue kwamba kifaa cha kidoleni kinaweza kusoma juu kuliko hali halisi. Utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kwamba oksijeni iliyoshuka ilipitwa bila kuonekana karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa weupe. Kama kifaa kinasema 95 na mtu anahangaika kupata pumzi, amini pumzi.

Sasa nije kwenye sentensi inayowatesa watu kuliko zote: "Ukungu umeenea eneo kubwa zaidi kuliko picha iliyopita." Mgonjwa ameacha oksijeni, anakula, anatembea hadi chooni mwenyewe, halafu anasoma hivyo. Mara nyingi hiyo ni habari njema iliyoandikwa kwa ukavu. Mapafu yanapoanza kunyonya majimaji, weupe mzito hulainika na kurudi kuwa ukungu mwembamba, na ukungu huo unaweza kuchukua eneo pana kuliko lile baka zito lililokuwapo. Eneo limeongezeka, uzito umepungua. Muulize daktari swali moja: weupe umekuwa mzito zaidi au mwepesi zaidi? Na muulize kama siku ya ugonjwa ilizingatiwa. Katika kipindi hiki hutokea pia mikanda na mistari inayofanana na makovu. Sipendi kuliona neno "makovu" kwenye ripoti ya wiki ya tatu, kwa sababu mengi ya hayo huondoka baadaye.

Watu huniomba picha nyingine "tuone tu kama anaendelea vizuri". Kama anaendelea vizuri, simshauri. CT moja ya kifua ni kadiri ya milisieverti 6 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini), ilhali wastani wa mionzi ya asili ambayo binadamu hupata kwa mwaka ni kama 2.4. Aprili 2020 jopo la wataalamu wa radiolojia na mapafu wa Fleischner Society, kutoka nchi 10, lilishauri kwamba mwenye dalili nyepesi asiye katika hatari ya kuzidiwa hahitaji picha, na kwamba picha ina kazi pale upumuaji unapozorota. Nakubaliana nao kabisa. Rudia picha mambo yakienda kinyume na mwendo niliouelezea: homa iliyokwisha imerudi na makohozi mazito, weupe mpya umejitokeza upande mmoja tu, maji yamejaa kuzunguka pafu. Hapo tunafikiria bakteria waliofuata nyuma ya virusi. Pumzi ikikata ghafla, kifua kikauma au mguu mmoja ukavimba, tunatafuta damu iliyoganda, na hiyo huhitaji CT ya dawa inayochomwa mshipani. CT ya kawaida haitoshi.

Mwendo huu ni wa UVIKO-19, hasa kama ulivyokuwa kabla ya chanjo. Kwa waliochanjwa, na kwa aina ya kirusi iitwayo Omicron, picha safi au zenye mabaka machache ni za kawaida zaidi. Homa ya mafua nayo huweza kuacha ukungu wa namna hiyohiyo, ndiyo maana hakuna anayeweza kukutajia jina la kirusi kwa kutazama picha peke yake.

Na baada ya kutoka hospitali? Uingereza, chama cha madaktari wa kifua kilishauri eksirei ya kufuatilia ifanywe wiki 12 baada ya nimonia ya UVIKO-19, na mimi huwaambia watu wasikimbilie kabla ya hapo kama wanazidi kupata nafuu. Katika wagonjwa 114 wa China waliokuwa wameugua vikali na kupigwa CT miezi sita baadaye, 43 mapafu yalikuwa yamesafika kabisa, 31 walibaki na ukungu kidogo, na 40 walikuwa na mabadiliko yanayofanana na makovu. Kama umo katika kundi hilo la mwisho, au bado unahema ukipanda ngazi, omba upimwe kazi ya mapafu kwa mashine ya kupuliza, pamoja na uwezo wa mapafu kupitisha gesi kwenda kwenye damu, kwa sababu mstari kwenye picha hausemi unapumua vizuri kiasi gani. Na picha za wakati wa ugonjwa zitunze, CD yenyewe pamoja na karatasi. Daktari atakayeona kivuli mwaka ujao bila picha ya kulinganisha hatajua kama kinaisha au kinaanza, na atalazimika kukupiga nyingine.