Tazama mkia wa faili kabla ya kulifungua: maswali na majibu

Mimi ni wakala wa forodha hapa Posta. Mteja wangu wa siku nyingi kanitumia "Ankara ya mzigo.pdf". Alama, ile picha ndogo ya faili, ni ya PDF, ila uandishi wa barua si wake. Nifungue?

Usifungue. Alama haithibitishi kitu, kwani anayetengeneza programu huipa alama aitakayo. Ukweli uko kwenye mkia wa jina, yaani herufi za mwisho baada ya nukta, na Windows huuficha usipoiambia iuonyeshe. Angalia folda ya Downloads: kama mafaili mengine hayaonyeshi mkia na hili peke yake linaonyesha .pdf, hapo ndipo pa kushtuka. Hiyo .pdf ni sehemu ya jina tu. Nyuma yake huenda kuna .exe, mkia wa programu. Hila hii ni ya zamani. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilienea duniani kwa faili lililoishia .TXT.vbs, watu wakidhani ni maandishi matupu.

Kwenye Windows 11 fungua File Explorer, bofya View, kisha Show, uweke tiki kwenye File name extensions. Kuanzia hapo, "ankara" yoyote inayoishia .exe, .scr, .js, .vbs, .lnk au .iso, ifute.

Kumfahamu mtumaji hakukukingi, maana akaunti yake ikiibiwa mwizi huandika kwa jina lake. Mpigie kwa namba uliyo nayo tangu zamani, si ile iliyo kwenye barua.

Nina stesheneri Mwenge. Wanafunzi wananitumia kazi za kuprinti kutwa nzima. Siwezi kumpigia kila mmoja.

Kweli, huwezi. Waombe PDF, na ukiwa ndani ya Gmail litazame faili humohumo na uliprinti bila kulipakua: linafunguliwa kwenye mitambo ya Google, si kwenye kompyuta yako. Faili la Word likikutaka ubofye "Enable Content", achana nalo. Kitufe hicho huruhusu makro, yaani programu ndogo iliyojificha ndani ya waraka, na insha ya mwanafunzi haihitaji makro. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzizuia makro za mafaili yanayotoka kwenye intaneti, lakini Office ya zamani isiyopata masasisho haina kinga hiyo.

Nimetumiwa zip (faili lililofungasha mengine ndani yake) yenye nywila, na nywila yenyewe imeandikwa kwenye barua hiyohiyo. Ina maana gani?

Nywila inauzuia mtambo wa barua pepe kuchungulia ndani. Siri haipo, maana ufunguo umening'inizwa mlangoni. Futa.

Nimeshafungua! Dirisha jeusi likawaka na kuzimika. Nifanyeje? Niko Tabata.

Kata intaneti sasa hivi: zima Wi-Fi, chomoa waya, na kama unatumia hotspot ya simu, izime. Usichomeke flashi wala diski ya akiba, kwani kirusi kinaweza kuhamia huko. Kwa simu au kompyuta nyingine badilisha nywila, ukianza na ya barua pepe, kwa sababu kupitia hiyo mwizi huweza kubadili nyingine zote.

Kisha hifadhi kazi zako, fungua Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, uchague ukaguzi wa Defender, kinga ya Windows yenyewe, ulioandikwa offline scan. Kompyuta itajizima na kuwaka, na ukaguzi huchukua kama dakika 15. Mafaili yakiwa yamebadilika mikia na hayafunguki, yamefungwa na kirusi cha kudai fidia. Usiyafute. Fundi aisafishe kompyuta kabisa kwanza, ndipo uchomeke diski ya akiba na kurudisha nakala zako.