Ukiambiwa moyo umetanuka, ulizia mapigo

Daktari akikuambia moyo umetanuka na misuli yake imedhoofu, usiondoke bila kuuliza: je, udhaifu ndio ulioharibu mapigo, au mapigo ndiyo yaliyoidhoofisha misuli? Kwangu mimi jibu lilibadilisha matibabu yote.

Moyo ukienda mbio, zaidi ya mapigo 100 kwa dakika, wiki hata miezi, misuli yake huchoka. Mimi vyumba vya juu vya moyo vilikuwa vikitetemeka ovyo badala ya kubana. Eko, kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, ilionyesha kila pigo linasukuma asilimia 30 tu ya damu. Kawaida ni 55 na zaidi. Miguu ilivimba, kulala chali sikuweza, na ndugu walishaanza kunong'ona. Mishipa inayolisha moyo ilipokutwa mizima, daktari akayageukia mapigo na kupendekeza ablesheni.

Kifua hakipasuliwi. Mrija mwembamba, katheta, huingizwa kwenye mshipa wa kinenani hadi moyoni, na ncha yake huunguza au kugandisha sehemu ndogo ndogo kuzunguka mishipa itokayo mapafuni. Huko ndiko vichocheo vya mtetemo huu huanzia mara nyingi, kama madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walivyoonyesha mwaka 1998. Utafiti wa CASTLE-AF wa mwaka 2018 ulihusisha wagonjwa 363 wenye mtetemo huu na moyo dhaifu: waliofariki au kulazwa kwa moyo kuzidiwa walikuwa asilimia 28.5 kwa waliofanyiwa ablesheni, na 44.6 kwa waliotibiwa kwa dawa peke yake.

Hatari zipo, nazo uzisikie kabla ya kutia saini: kuvuja damu kinenani, damu kujaa kuzunguka moyo, kiharusi. Tena mapigo yanaweza kuvurugika miezi ya mwanzo, na wengine hurudia tiba.

Eko yangu ya baadaye ilisoma 55. Lakini nakusihi sana, usiache dawa ya kuzuia damu kuganda kwa sababu tu unajisikia mzima. Hunywewa angalau miezi miwili baada ya ablesheni, na mwenye hatari kubwa ya kiharusi huendelea nayo hata mapigo yakitulia. Anayeamua ni daktari wako.

Kama ECG, kipimo cha umeme wa moyo cha muda mfupi, haionyeshi kitu nawe unahisi moyo unaruka, omba kuvalishwa Holter, kifaa kidogo kinachorekodi mapigo, kwa saa 24. Mapigo ya ziada nayo, yakifika moja katika kila kumi au zaidi, yanaweza kudhoofisha moyo, na mengi hutibika kwa njia hii hii.