"Run" sio kukimbia tu, usije ukakariri kama mimi

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi ya usafi hotelini, Arusha, mama mmoja wa Kiingereza alifungua mlango akaniambia "we've run out" na mimi nilichosikia ni run, na out, yani kuna mtu kakimbia nje, nikatoka mbio mpaka kwenye ngazi naangalia nani kakimbia. Kumbe tishu za chooni zimewaishia. Niliporudi alikuwa bado kasimama pale pale kashika lile boksi la katikati ya tishu, tupu, ananionyesha. Iliniuma sana maana shule niliipata vizuri tu, run = kimbia, na mwalimu akaweka vema.

Tatizo ndo hapo, tunakariri neno moja kwa maana moja. Wale wa kamusi ya Oxford, toleo la 1989, neno lililoongoza lilikuwa "set", lina maana 430, halafu walipofika kwenye "run" kwa ajili ya toleo jipya wakakuta kitenzi peke yake kina maana 645! Hakuna mtu anayekariri hizo, hata wenyewe.

Sasa fikiria "piga". Mimi kutwa nzima napiga deki, napiga pasi mashuka, nampigia simu supavaiza, jioni napiga mswaki, na hakuna aliyeumia. Hatukufundishwa piga peke yake, tuliipata ikiwa na mwenzake, piga deki ni kitu kimoja. Basi na Kiingereza kifanye hivyo hivyo.

Nilichofanya nilinunua kidaftari cha kuingia mfukoni, kila nikisikia run naandika maneno yote alivyoyasema mtu na alikuwa anataka nini, siandiki tafsiri ya neno moja. "Run a bath", alitaka nimjazie maji ya kuoga. "My nose is running", mafua. "I'm running late", kachelewa, wala hakimbii, yupo kitandani. "He runs the kitchen", yeye ndo mkuu wa jikoni. Na usiogope kuuliza pale pale, mgeni anafurahi ukimuuliza kuliko ukiitikia yes halafu usirudi.

Ukurasa wa run bado haujafungwa. Juzi nimeongeza "run it by me first", bosi alitaka nimwambie kwanza wazo langu kabla sijalifanya.