Picha Yako Ikisambazwa, Usifute Kitu

Nilikuwa Kondele, Kisumu, nangoja matatu ya Mamboleo simu ilipoanza kulia mfululizo. Jamaa niliyekuwa nimeachana naye alikuwa amemwaga picha yangu ya faragha kwenye grupu la chama chetu. Nikatoka kwenye grupu, kisha nikafuta mazungumzo yetu yote, pamoja na vitisho vyake vya wiki mbili. Nilidhani najiondolea aibu. Kumbe nilikuwa namfutia nyayo.

Kituoni, afisa alianza kwa kuniuliza kwa nini nilijipiga picha ya aina hiyo. Swali hilo lisikutoe machozi. Anayetafutwa na sheria ni aliyesambaza. La pili ndilo lililonimaliza: "Ushahidi uko wapi?"

Niliokolewa na mweka hazina wetu, mama mmoja asiyefuta chochote kwenye simu yake, hata salamu za Krismasi za mwaka juzi. Ujumbe ulikuwapo, na tarehe, na saa, na namba ya mtumaji.

Namba yenyewe ni muhimu. Ukipiga skrinishoti inayoonyesha "Mpenzi" tu, wakili wake atacheka. Fungua wasifu, namba ionekane. Ukishahifadhi, ndipo umwombe admini aifute picha hiyo kwa grupu zima. Kisha piga ripoti polisi na usiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio.

Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kifungu cha 37, inamtoza anayesambaza picha ya faragha ya mwingine faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Haijali kama ndiye aliyeanza. Niliposoma hayo mkutanoni, wanachama wawili waliokuwa wameirusha kwa dada zao walikumbuka ghafla wameacha jiko likiwaka.

Ukihofia itafika Facebook au Instagram, na una miaka 18 au zaidi, ingia StopNCII.org. Picha hubaki kwenye simu yako. Kinachotumwa ni alama ya tarakimu inayosaidia mitandao iliyojiunga kuitambua na kuizuia.

Simu ya mweka hazina ilichukuliwa kuwa kielelezo, ikakaa huko miezi. Nilimnunulia mulika mwizi, simu ndogo ya tochi, naye akarudisha hesabu za chama kwenye daftari.