Mhandisi wa Malaya aliyefia kifungoni: pa kuanzia kumtafuta

Swali la kwanza si alikufa lini. Ni alikamatwa akiwa nani. Singapore ilipoanguka mikononi mwa Wajapani tarehe 15 Februari 1942, mhandisi wa Kiingereza aliyekuwa Malaya (nchi iliyotawaliwa na Waingereza, leo sehemu ya Malaysia) akijenga barabara, reli au mitambo ya maji aliingia katika kundi moja kati ya mawili. Kama alikuwa amevaa sare za kikosi cha kujitolea, mathalani Federated Malay States Volunteer Force, alihesabiwa mfungwa wa vita. Kama hakuwa na sare, alikuwa raia wa kuwekwa kizuizini. Kila kundi lina nyaraka zake, na watu hupoteza miezi wakipekua za kundi lisilo lake.

Tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola hukata shauri hilo mapema. Mwanajeshi utamkuta ana kaburi, au jina kwenye ukuta wa kumbukumbu: Kranji kule Singapore, Kanchanaburi au Chungkai nchini Thailand, Thanbyuzayat nchini Burma, Myanmar ya leo. Ukimkuta katika mojawapo ya hayo matatu ya mwisho, karibu kila mara alifia kwenye ujenzi wa reli ya Thailand na Burma, ambayo Wajapani waliwajengesha wafungwa wao. Raia yumo katika orodha ya raia waliokufa vitani. Humo hutajwa mahali alipofia, na mara nyingi jina la mke au wazazi. Nakili majina hayo yote, maana ndiyo yatakayokutenganishia akina Smith wawili huko mbele.

Kwa mwanajeshi, omba kadi yake katika mfululizo wa WO 345, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uingereza, Kew. Kadi hizi ziliandikwa na Wajapani: jina, cheo, kikosi, alipotekwa, majina ya baba na mama, kazi aliyokuwa akifanya kabla ya vita. Mistari miwili myekundu iliyokatiza kadi kimshazari ina maana kwamba alikufa. Kinachowaangusha wengi ni tarehe. Mwaka hutangulia, kisha mwezi, kisha siku, na mwaka wenyewe ni wa Showa, yaani huhesabiwa kwa enzi ya mfalme wa Japani; jumlisha 1925. Kwa hiyo 18.6.5 ni tarehe 5 Juni 1943. Asiyejua hesabu hiyo humzika mtu wake mwaka 1905. Ukikuta 2602 kwenye karatasi nyingine za wakati huo, hiyo ni hesabu nyingine ya miaka ya Kijapani: toa 660, upate 1942. Jina nalo likiandikwa kwa herufi za Kijapani hupoteza L, ikawa R, kwa hiyo akina Lowe na Rowe hufanana. Tuliozoea kusikia "kura" na "kula" zikibadilishana hatushangai.

Kwa raia, fuata kambi. Waliokamatwa Singapore walikaa gereza la Changi hadi Mei 1944, kisha wakahamishiwa kambi ya Sime Road, papo hapo Singapore. Barua ya familia ikisema raia alifia Changi mwaka 1945, ichunguze kabla ya kuinakili. Wapo pia waliokimbia kwa meli siku za mwisho wakanaswa karibu na kisiwa cha Bangka. Hao watafute Muntok, kisiwani humo, na Palembang, upande wa Sumatra.

Lakini kifo ni ukurasa mmoja tu. Maisha yake yamo kwenye kazi. Kama nyuma ya jina lake kuna herufi A.M.I.C.E. au M.I.C.E., fomu aliyoombea uanachama wa taasisi ya wahandisi wa ujenzi ya London ndiyo dhahabu: alikosomea, aliyemfundisha kazi, miradi aliyosimamia, na saini za waliomdhamini, ambao mara nyingi walikuwa wakubwa wake kazini. Fomu nyingi za kabla ya 1930 zinasomeka mtandaoni. Baada ya hapo ingia kwenye magazeti ya serikali kutafuta uteuzi, likizo na uhamisho. Watu wa P.W.D. (Public Works Department, idara ya ujenzi ya serikali) walihamishwa koloni hadi koloni, hivyo akipotea Malaya kwa miaka mitatu, pekua pia Kenya Gazette.

Magazeti ya Singapore yanasomwa bure kwenye NewspaperSG, tovuti ya maktaba ya taifa ya huko. Usitafute kwa jina kamili. Kompyuta husoma vibaya karatasi kuukuu. Tafuta jina la ukoo pamoja na P.W.D. au mji aliofanyia kazi. Straits Times lilisimama Februari 1942 likarudi Septemba 1945, kwa hiyo matangazo ya vifo vya kambini yaanzie hapo hadi mwisho wa 1946.

Orodha za abiria wa meli zilizoko Kew, BT 26 (walioingia Uingereza) na BT 27 (waliotoka), hutoa umri na anwani ya nyumbani Uingereza. Akikosekana humo, huenda alishukia Marseille akamalizia safari kwa treni. Na daftari la mirathi la Uingereza limepangwa kwa mwaka wa kibali, si wa kifo: aliyekufa 1943 anaweza kuwa katika kitabu cha 1946 au baadaye.